Perl Nayo Ina Umoja na Wingi

Larry Wall, aliyeitoa lugha ya kompyuta ya Perl mwaka 1987, alikuwa amesomea isimu, na ukiitazama Perl utalijua hilo. Sisi tukitaka wingi tunageuza kichwa cha neno: mstari, mistari. Perl nayo huweka alama kichwani: $ kwa kitu kimoja, @ kwa vingi vilivyopangwa kwa mfuatano. Vingi hivyo ndivyo tunaviita safu.

Tuchukue faili la kata tisa za Wilaya ya Kisarawe, tatu kila mstari:

Kisarawe Kiluvya Msimbu
Masaki Kibuta Marumbo
Maneromango Msanga Marui

Tunalifungua na kulimimina kwenye safu:

open my $faili, '<', 'kata.txt' or die $!;
my @mistari = <$faili>;

Mstari wa Maneromango sasa ni $mistari[2]. Wa tatu, lakini namba yake 2, kwa sababu Perl huanza na sifuri. Ni kama jengo la ghorofa: ya chini haihesabiwi, ghorofa ya kwanza ni ile ya juu yake. Ukitaka wa mwisho bila kuhesabu, andika $mistari[-1].

Wanaoanza hukwama kwenye alama. Safu ni @mistari, mbona tunaandika $mistari[2]? Kwa sababu unachotoa ni kimoja. Alama hufuata unachochukua, si ulikokichukua.

Kuyapata maneno, tunaupasua mstari penye nafasi:

my @maneno = split ' ', $mistari[2];
print $maneno[0];

Hapo itatoka Maneromango. Hata aliyechapa akiacha nafasi mbili au tatu kati ya majina, split ya namna hii haijali. Na alama ya kushuka mstari iliyojificha mwishoni huondoka nayo. Ukitaka mistari mizima bila alama hiyo, tumia chomp.

Mtego uko kwenye majina yenyewe. Kuna kata ya Cholesamvula. Karani akiiandika Chole Samvula, Perl itakuhesabia kata mbili, tena bila kulalamika. Majina ya namna hiyo yatenge kwa mkato, kisha upasue penye mkato:

split /,/, $mistari[0]

Safu hukaa yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Faili likiwa na mamilioni ya mistari, usilimeze zima. Soma mmoja mmoja kwa while. Kwa kata za Kisarawe, safu inatosha na kubaki.