Fimbo ya Kupimia Umeme Mkubwa: Fundi Achague Ipi?

Umeme wa nyumbani, hapa Dabani kama ng'ambo ya mpaka kule Busia ya Kenya, ni wa volti 240, na hata mtoto amekwisha kufundishwa kuuogopa. Ndani ya osiloskopu ya zamani, kile chombo cha maabara kinachochora mwenendo wa umeme kwa mstari wa nuru kiooni, mna umeme unaouzidi huo mara nyingi. Tektronix 465, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, huhitaji kiasi cha volti 18,000 kuzisukuma elektroni hadi kwenye kioo. Mita ya kawaida hukoma kwenye volti 1,000. Fundi akiigusisha hapo ataiunguza, na huenda yeye mwenyewe asinusurike.

Ndiyo maana ikatengenezwa fimbo maalumu, ambayo mafundi huiita probu. Fluke 80K-40, kwa mfano, hupima hadi volti 40,000 nayo huugawa umeme kwa 1,000, hata volti 18,000 zikasomeka 18. Lakini hesabu hiyo ni sahihi kwa mita yenye ukinzani wa megaomu 10. Ukiifunga kwenye mita kuukuu ya mshale, itasoma pungufu; fundi naye, akidhani umeme umeshuka, atauongeza na kukiharibu chombo alichokuja kukiponya.

Ipo aina nyingine, kama Tektronix P6015, ya kutazamia mawimbi ya umeme. Hiyo ina megaomu 100 tu, ilhali ile ya mita ina 1,000. Huvuta umeme mara kumi zaidi, na penye umeme mwembamba kama wa bomba la kioo, kipimo huweza kushuka kwa sababu ya fimbo yenyewe. Kwa maoni yetu shule na fundi wa kijijini waanze na ile ya mita.

Anayenunua iliyokwisha kutumika aikague kwanza: ufa mdogo mpinini watosha kuikataa. Waya wa ardhi hufungwa kwenye bati la chombo kabla ya lolote. Na asidanganywe na maandishi ya volti 40,000 akaipeleka kwenye nyaya za nguzoni za volti 11,000 au 33,000! Fimbo hii ni ya mikondo midogo tu; pale nguzoni ni mauti.

Baada ya kuzima, bomba la kioo hubaki na umeme. Uondolewe kupitia resista, mkono mmoja ukiwa mfukoni, ndipo kazi ianze.