Kunakili si kughushi: Njia ya kujifunza kwa wachoraji wakongwe

Na Mwandishi Wetu

MCHORAJI Peter Paul Rubens alipowasili Madrid, Hispania, mwaka 1628, alikuwa na umri wa miaka 51 na jina lake lilikwisha kuvuma Ulaya nzima. Hata hivyo, katikati ya shughuli za kidiplomasia zilizompeleka kwa Mfalme Philip IV, alitenga muda wa kunakili picha za Titian, Mwitaliano aliyefariki mwaka 1576, kana kwamba yeye ni mwanafunzi.

Nakala yake ya "Adamu na Hawa" imo katika Jumba la Makumbusho la Prado mjini humo, pamoja na picha ya Titian yenyewe. Anayezitazama zote mbili hugundua kuwa Rubens hakufuata kila kitu. Adamu wa Titian ameegemea nyuma. Wa Rubens ameinama mbele kumwelekea Hawa, na mtini ameongezwa kasuku mwekundu.

Hiyo ndiyo nakala ya kufasiri. Mchoraji hufuata mpango wa picha na namna ilivyojengwa, kisha huamua mwenyewe abadilishe nini.

Faida yake kubwa imo katika matabaka. Rangi ionekanayo katika picha nyingi za wakongwe haikupakwa kwa mara moja. Turubai lilipewa kwanza rangi ya udongo au kijivu, nuru na kivuli vikachorwa, kisha yakafuata matabaka membamba ya rangi angavu. Mwanga hupenya matabaka hayo na kurudi kutoka chini. Anayechanganya rangi na kuipaka moja kwa moja hushangaa kuona nakala yake imefifia ingawa rangi ni ile ile.

Uvumilivu nao unahitajika. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hugandishwa na oksijeni ya hewani, kazi ya siku kadhaa au majuma. Ndiyo maana tabaka la chini huwekwa mafuta machache kuliko la juu. Utaratibu huo ukigeuzwa, la juu hukauka kwanza, na nyufa huweza kujitokeza baada ya miaka, wakati hakuna la kurekebisha.

Si lazima picha halisi iwe mbele ya macho. Mwaka 1889, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, Vincent van Gogh alinakili kazi za Jean-François Millet kutoka picha zilizochapwa bila rangi. Rangi zote alizibuni mwenyewe.

Je, mpaka kati ya nakala na ulaghai uko wapi? Jumba la Louvre, Paris, lililopokea wanakili tangu lilipofunguliwa mwaka 1793, limeweka masharti: ukubwa wa nakala sharti utofautiane na wa picha halisi, na saini ya mchoraji wa awali hairuhusiwi kuigwa.