Mfuga Samaki Hufuga Maji Kwanza

Siku hizi si ajabu kuingia sebuleni mwa jirani ukakuta tangi la kioo lenye samaki wadogo, mikia yao ikipepea kama khanga juani. Aghalabu samaki hao ni gapi, nao huchaguliwa na wanaoanza ufugaji kwa kuwa wana sifa ya kutosumbua. Lakini mara nyingi furaha hiyo haidumu. Tangi huoshwa likang'aa, likajazwa maji ya bomba, na samaki wakatiwa siku hiyo hiyo. Kabla juma la pili halijaisha, mmoja baada ya mwingine huelea tumbo juu. Mtoto analia, na mama anamlaumu muuzaji.

Ukweli ni kwamba mwuaji ni maji yale yale tunayoyaona safi.

SUMU ISIYOONEKANA

Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa sumu iitwayo amonia. Haina rangi, lakini huunguza matamvua ya samaki. Katika kijito, sumu hiyo huchukuliwa na maji yatiririkayo; katika tangi haina pa kwenda. Wokovu hutoka kwa viumbe wadogo mno, bakteria, ambao hukaa katika chujio na juu ya changarawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao hawazaliwi kwa siku moja. Huhitaji majuma 4 hadi 6 ili watoshe.

Basi, ndugu msomaji, tayarisha tangi kabla ya kununua samaki. Tangi la lita 40 lafaa kwa kuanzia, kwani tangi dogo huchafuka upesi. Tia changarawe, majani ya majini na chujio linalofanya kazi usiku na mchana, kisha kila siku dondosha chembe chache za chakula ili zioze na kuwalisha bakteria. Ukipata rafiki mwenye tangi lenye afya, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake. Muda wa kungoja utapungua. Ikiwa duka lina vipimo vya maji, samaki wasiingie mpaka amonia na nitriti zote zisomeke sifuri.

Je, samaki wamo tayari? Walishe kidogo sana, na ubadilishe robo ya maji kila baada ya siku mbili mpaka tangi likomae.

KAZI ZA KILA JUMA

Kila juma toa robo ya maji na utie mapya yenye joto lile lile. Kamwe usiyamwage yote. Maji ya bomba hutiwa klorini, ambayo huua bakteria na kuwadhuru samaki; yaache katika ndoo wazi kwa siku nzima au zaidi, au utumie dawa ya kuiondoa. Maji ya mvua peke yake hayafai, kwani hayana madini, na gapi hupenda maji yenye madini. Sponji ya chujio isafishwe katika maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba. Sabuni isikaribie chombo chochote cha samaki.

Joto la nyuzi 24 hadi 26 linawafaa. Usiweke tangi dirishani penye jua kali. Umeme ukikatika, acha kuwalisha, na mara kwa mara teka maji ya tangi kwa kikombe uyamimine kutoka juu ili yapate hewa.

Chakula kiwe kile wanachoweza kumaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Waonye watoto: kinachobaki ndicho kinachooza.

MGENI NA MGONJWA

Samaki mpya akae peke yake katika chombo kingine kwa majuma 2 au 3. Mgeni mmoja mwenye madoa meupe kama chembe za chumvi huweza kuambukiza tangi zima. Vimelea vya ugonjwa huo huzaana chini, nje ya mwili wa samaki. Kwa hiyo ukitokea, dawa itiwe katika tangi lote. Ukiona samaki wakihema juu ya maji au mapezi yamekunjamana, pima maji kwanza kabla ya kukimbilia dawa.

WATOTO WENGI, NA WAJIBU WETU

Gapi hatagi mayai. Huzaa vifaranga wanaoogelea papo hapo, karibu kila mwezi, pengine makumi kwa mara moja. Jike huhifadhi mbegu za dume, akaendelea kuzaa kwa miezi hata akitengwa. Asiyetaka wingi na afuge madume peke yake. Anayetaka uzazi aweke majike mawili au matatu kwa kila dume, ili wasisumbuliwe, pamoja na majani ya kuwaficha vifaranga, kwa maana wazazi huwala.

Tangi likijaa, mpe jirani. Usithubutu kuwamwaga mtoni wala ziwani. Gapi ni mwenyeji wa Trinidad na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Alisambazwa katika nchi nyingi ili ale viluwiluwi vya mbu, na katika baadhi ya nchi hizo akawadhuru samaki wa asili. Ziwa letu la Tanganyika lina mamia ya aina za samaki, na nyingi kati ya hizo hazipatikani kwingine duniani. Hazina hiyo isihatarishwe kwa ndoo moja ya samaki wa pambo.

Aliye na subira ya kutunza maji kwa mwezi mmoja kabla ya kununua samaki, hatamfuta mtoto wake machozi juma la pili.