Mizani Zilizovunja Rekodi na Mtihani wa Ikweta

Chukua gunia la kahawa la kilo 60 lililopimwa London kwa mizani ya kielektroniki iliyowekwa sawa hukohuko. Lilete Kasese, Uganda, pamoja na mizani yake, ulipime tena bila kugusa kitufe chochote. Safari hii utasoma takriban kilo 59.8. Hakuna aliyechota wala kilichomwagika. Kahawa ni ileile. Kilichopungua ni nguvu ya dunia ya kuivuta chini.

Wilaya ya Kasese, ambayo ikweta inaikatiza pale Kikorongo, na ambayo barafu imekaa juu ya milima yake ya Rwenzori, ina haki ya kuzungumzia mizani zilizopindukia mipaka. Nimezikusanya hapa, na kila moja nimeiuliza swali moja: mtu wa Kilembe au Bwera anayetaka kununua mizani ndogo ya kielektroniki, ile inayoonyesha sehemu za gramu, ajifunze nini kwake?

Iliyohisi kitu chepesi kuliko vyote

Mwaka 2012 watafiti wa Barcelona walitumia neli ya kaboni isiyoonekana kwa macho, wakaitetemesha ndani ya ombwe, kwenye baridi inayokaribia sifuri halisi. Atomi ikitua juu yake, mtetemo unabadilika. Kwa njia hiyo walifikia usikivu wa yoktogramu 1.7, yaani uzito wa protoni moja. Tazama masharti yake: hakuna hewa, hakuna joto, hakuna mtikisiko. Mizani ya miligramu inayouzwa dukani inadai masharti ya aina hiyohiyo kwa kiasi chake. Ukiiweka karibu na dirisha, au kwenye meza inayotikisika kila lori linapopita kuelekea Mpondwe, tarakimu ya mwisho haitatulia hata siku moja.

Kazi isiyosamehe kuliko zote

Huko Marekani wapo wawindaji na walenga shabaha wengi wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani, nao hubishana sana kuhusu mizani ndogo. Nchini Uganda utengenezaji wa risasi ni kazi ya kiwanda cha Luwero Industries kilichoko Nakasongola, chini ya jeshi. Lakini sababu ya ubishi wao inatufaa sisi pia.

Mwenye gobore alipima baruti yake nyeusi kwa ujazo, kwa pembe au kikombe kidogo, na kosa dogo lilivumilika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kubwa zaidi kwa kiasi kidogo zaidi. Tangu hapo kukisia kukawa hatari: kikizidi kidogo, shinikizo linapanda hadi bunduki kupasuka mikononi mwa mwenyewe. Kipimo chao ni greini, na gramu moja ina greini 15.43. Wanataka mizani itambue sehemu ya kumi ya greini, yaani miligramu 6.5.

Sasa piga hesabu. Mizani inayoonyesha gramu 0.01 inaruka kwa hatua za miligramu 10. Miligramu 6.5 ni ndogo kuliko hatua yake, kwa hiyo mizani hiyo ni kipofu kwa kazi hiyo hata iwe mpya na ya bei mbaya. Inatakiwa ya gramu 0.001. Sonara anayepima vumbi la dhahabu na mfamasia anayechanganya dawa wanakabiliwa na hesabu hiyohiyo. Wala greini si ngeni kwetu: rupia ya fedha iliyotumika Uganda kabla ya florini ya mwaka 1920 ilikuwa na uzito wa greini 180.

Mzigo mzito kuliko wote

Rekodi ya kitu kizito zaidi kuwahi kupimwa moja kwa moja ni ya mnara wa huduma za roketi katika kituo cha Kennedy, Florida. Januari 2004 uliinuliwa kwa jeki zilizowekwa mahali 21, ukapatikana una tani 2,423.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulitoa zaidi ya hiyo, ila kidogo kidogo. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na tangu hapo madini yaliyosagwa yalisafirishwa hadi tanuri la Jinja. Hadi mgodi ulipofungwa, shaba iliyopatikana ilikuwa takribani tani 270,000, zaidi ya mara 100 ya mnara ule. Na bado neno la mwisho lilikuwa la mizani ndogo ya maabara. Rundo la mabaki lililoachwa na mgodi lilikuwa na kobalti isiyozidi kilo 14 hivi katika kila tani, na kuanzia mwaka 1999 Kasese Cobalt Company ikaitoa kwa msaada wa bakteria wanaokula salfa na chuma. Aliyetaka kujua kama rundo lile ni mali au takataka alipima sampuli ya gramu chache. Kosa la miligramu katika sampuli ni kosa la malori kwenye rundo.

Mahali ambapo mvutano ni dhaifu kuliko pote

Hapa ndipo penye utamu. Dunia si duara kamili. Imevimba katikati kiasi kwamba aliye kwenye ikweta yuko mbali na kiini chake kwa kilomita 21 zaidi ya aliye ncha ya kaskazini, na mzunguko wake nao unapunguza uzito. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mvutano dhaifu kuliko wote uko juu ya mlima Huascarán, Peru, na mkali kuliko wote uko kwenye bahari ya Aktiki. Tofauti ni karibu asilimia 0.7.

Kasese iko upande wa wadhaifu. Ukipanda kutoka mjini hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, kilo moja inapoteza kama gramu moja zaidi kwenye mizani ya kielektroniki. Ndani ya mizani hizo kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mzigo unapokaa juu yake, na waya uliobandikwa hapo unageuza mpindo kuwa tarakimu. Chuma hakijui kilo. Kinajua kusukumwa tu. Mizani ya springi ya kuning'iniza, wanayobeba wanunuzi wa kahawa, ina udhaifu huohuo.

Mizani ya mikono miwili haina. Ikweta inapunguza upande wa mzigo na upande wa jiwe kwa kiasi kilekile, na hukumu inabaki palepale. Kwa uaminifu wa mahali hadi mahali, chombo hicho cha kale bado kinashika taji, nami nakiheshimu kuliko vingi vinavyowaka taa.

Jiwe lililotawala muda mrefu kuliko yote

Mche duara wa platini na iridi uliohifadhiwa Sèvres, Ufaransa, ulikuwa ndio kilo ya dunia nzima tangu mwaka 1889 hadi tarehe 20 Mei 2019. Uliondolewa kwa sababu ulipolinganishwa na nakala zake ilionekana vimetofautiana kwa mikrogramu 50 hivi katika karne moja.

Mnunuzi wa Bwera hahitaji ukali huo, ila anahitaji jiwe. Mizani ya kielektroniki isiyokuja na jiwe la kuirekebishia, au isiyokubali kurekebishwa, usiinunue hata ikiwa nusu bei. Kwa mizani ya gramu 0.01, tafuta jiwe la daraja la M1: la gramu 100 linaruhusiwa kukosea miligramu 5, la gramu 20 miligramu 2.5. Washa mizani, iache ipate joto lake kwa dakika kadhaa, irekebishe palepale itakapofanyia kazi, kisha weka jiwe katikati na kwenye pembe za sahani uone kama inasema jambo moja. Ukiihamisha kutoka Kasese kwenda kijiji cha mlimani, irekebishe upya. Na mizani ya biashara lazima ikaguliwe na shirika la viwango la taifa, UNBS, na kugongwa muhuri. Muuzaji wa kahawa ana haki ya kuuliza uko wapi.

Mwizi mkubwa kuliko wote

Si ikweta, ni maji. Kilo 100 za kahawa yenye unyevu wa asilimia 20, zikikaushwa hadi asilimia 12, zinabaki karibu kilo 91. Kilo tisa zimepaa hewani, wakati ikweta na London zinagombania gramu 350 tu kwa mzigo wa kilo 100. Kwa hiyo chama cha wakulima chenye fedha ya kununua chombo kimoja tu, na ambacho tayari kina mizani yenye muhuri, kinunue kipima unyevu kabla ya mizani ya pili.