Sare Peke Yake Si Kitambulisho

Mwanzoni mwa mwezi wa Januari 2013, wananchi wa nchi jirani ya Kenya walipigwa na butwaa. Mtu mmoja alikamatwa katika Bonde la Ufa kwa tuhuma za kujifanya Kamishna Msaidizi wa Polisi. Ilielezwa kwamba kwa muda wa miaka kadhaa mtu huyo alikuwa akiingia na kutoka katika ofisi za polisi, akipigiwa saluti na kuwaamrisha askari wa kweli. Ilielezwa pia kwamba alipanda helikopta ya polisi pamoja na wakubwa kwenda Baragoi, baada ya askari zaidi ya 40 kuuawa katika eneo hilo mwezi Novemba 2012. Maofisa kadhaa, pamoja na mkuu wa polisi wa mkoa, walisimamishwa kazi ili uchunguzi ufanywe.

Je, jambo kama hilo huwezekanaje? Si kwa ujinga wa askari. Jeshi lolote limejengwa juu ya utii, na askari aonapo cheo begani, mkono wake hupanda kabla ya akili kuuliza. Ayari huitambua tabia hiyo njema na kuigeuza kuwa mtego. Akishapigiwa saluti na askari wa kwanza, askari wa pili huichukua saluti ile kuwa ndiyo kitambulisho, na wa tatu hathubutu kuuliza. Hivyo uongo wa mtu mmoja hulindwa na heshima ya wengi. Wahenga walisema kweli kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Madhara yake hayaishii kambini. Huko huko Kenya, mara kwa mara vijana wamefika katika chuo cha kuruta cha Eldoret wakiwa na barua bandia za kuitwa jeshini, ingawa Majeshi ya Ulinzi ya nchi hiyo hutangaza kwamba kuandikishwa ni bure. Nyuma ya barua hizo huwa kuna mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa, au jamaa wa ofisa, akapokea fedha. Mzazi huuza ng'ombe au kipande cha shamba. Kijana aliyetoka nyumbani kwa vigelegele huishia mikononi mwa polisi. Anayelaumiwa kijijini si ayari, ambaye hajulikani aliko, bali ni jeshi lenyewe.

Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, ayari hana haja hata ya kushona sare. Humtosha sauti nzito na jina la cheo. Humpigia askari akijifanya mkubwa kutoka makao makuu, au karani wa mishahara, au mhudumu wa benki anayeshughulikia kiinua mgongo. Maneno yake hubadilika, lakini silaha zake ni zile zile tatu: cheo, ili asiulizwe, haraka, ili mtu asifikiri, na siri, ili mtu asitafute ushauri. Zinapokutana zote tatu, na mwisho wake ni kudaiwa fedha au namba ya siri, basi hapo pana ulaghai.

Kinga yake askari anayo tayari. Mlinzi wa lango humsimamisha kila ajaye, akamtaka ajitambulishe, hata kama ni mkuu wa kikosi. Hafanyi hivyo kwa utovu wa adabu. Hiyo ndiyo kazi yake, na mkubwa wa kweli humsifu kwa kuifanya. Swali hilo la mlinzi halina budi kutoka langoni na kufika ofisini na kwenye simu. Ofisa asiyejulikana aonyeshe kitambulisho na barua ya uhamisho, na kikosi anachokitaja kiulizwe. Anayepiga simu akatwe kwa adabu, kisha ofisi anayoitaja ipigiwe kwa namba inayofahamika, si ile aliyoitoa yeye. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote. Naye aliyekwisha kutapeliwa atoe taarifa mapema bila kuona haya, kwani kunyamaza kwake ndiko kunakomwandalia ayari windo la pili.

Utii ni nguzo ya jeshi, lakini askari huitii amri ya mkubwa wake, haitii nguo. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.