Udongo Ulio Hai (5): Bangi ya Rif na samadi ya Andalusi

Mwezi Agosti 2024 Mfalme Mohammed wa Sita wa Moroko aliwasamehe wakulima zaidi ya 4,800 waliokuwa wamehukumiwa au wakisakwa kwa makosa ya kulima bangi. Habari zilizofuata zilijaa vibali, bei na masoko, pamoja na zile tani 294 zilizovunwa mwaka 2023, msimu wa kwanza wa kilimo halali tangu sheria ya 2021 iliporuhusu mikoa mitatu ya milima ya Rif, yaani Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, kulima kwa ajili ya dawa na viwanda. Hesabu zote hizo ni za mmea na fedha. Udongo unaoubeba mmea huo haukupewa hata sentensi moja katika niliyoyasoma, na hilo ndilo linalonifanya leo niiingize Rif katika mfululizo wetu.

Hapa kwetu Tanzania kulima bangi ni kosa la jinai, na makala haya hayamfundishi mtu kuvunja sheria. Naichukua Rif kwa kuwa ni mfano wa ardhi iliyochoshwa na zao moja kwa miongo mingi: miteremko mikali, misitu ya mierezi iliyofyekwa, na mvua za baridi zinazoushusha udongo mabondeni. Zao la kienyeji, ambalo wenyeji huliita beldia, hupandwa mvua zikiwapo na kuvunwa wakati wa kiangazi. Mbegu chotara zilizoletwa kutoka nje zinadai maji ya kumwagilia na mbolea nyingi zaidi.

Inasikitisha kwamba hayo yametokea ng’ambo tu ya bahari nyembamba kutoka Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, ambako elimu ya samadi iliandikwa kwa Kiarabu kabla ya Ulaya nyingine kuamka. Ibn Bassal aliitunza bustani ya mtawala wa Toledo katika karne ya 11, na mji huo ulipotekwa na mfalme Mkristo Alfonso wa Sita mwaka 1085 alihamia Seville akaendelea na kazi. Aligawa udongo katika aina kumi, akaeleza kila aina inafaa nini na inakataa nini. Samadi nayo aliigawa: ya farasi na punda, ya kondoo, ya njiwa, jivu la mahamamu, na ile iliyotengenezwa shimoni kwa majani, majivu na maji pale mifugo inapokosekana. Hii ya mwisho ndiyo mboji ambayo mabwana shamba wetu wanahimiza hadi leo.

Karne moja hivi baadaye akaja Ibn al-Awwam wa Seville na Kitab al-Filaha, kitabu chenye milango 34. Angalia alivyoipanga: udongo mlango wa kwanza, samadi mlango wa pili, maji mlango wa tatu. Mimea inafuata baadaye, na miongoni mwake imo katani ya bangi, iliyolimwa kwa ajili ya nyuzi zake. Alikusanya maneno ya wakulima wa Kiyunani, Kirumi na Kinabatia, lakini aliyajaribu mwenyewe katika vilima vya al-Sharaf nje ya mji wake kabla ya kuyakubali. Kinyesi cha njiwa alikisifu kuliko vyote, akaonya kwamba ni kikali na kitiwe kwa kiasi. Samadi mbichi hakuitaka. Ilibidi ilale, iive, ipoe. Hakuwa na hadubini, lakini huko kuiva alikokusubiri ni kazi ya bakteria na kuvu, na aliiheshimu kazi yao kwa kuipa muda. Kizazi chetu kina hadubini na hakina subira.

Kuvu nyingine, zinazoishi na mizizi ya miti, zilikuja kueleweka baadaye sana. Wizara ya kilimo ya Prussia ilimpa mtaalamu wa mimea Albert Bernhard Frank kazi ya kutafuta namna ya kulima uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi. Alipochimbua mizizi ya miti akaikuta imevikwa utando wa kuvu, na mwaka 1885 akatangaza kwamba kuvu ile si ugonjwa bali ni mshirika: mti unampa sukari, naye anauletea maji na madini. Wanasayansi wengi walimpinga kwa miaka. Leo tunajua kwamba ushirika wa namna hiyo ulikuwapo tangu mimea ilipoanza kuishi nchi kavu. Katika mawe ya Rhynie, Scotland, yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, kuvu bado inaonekana ndani ya mimea iliyogeuka mawe.

Bangi imo katika ushirika huo. Si jamii ya kunde, kwa hiyo wale bakteria wa vinundu wanaoupatia mmea nitrojeni, tuliowaeleza katika makala iliyopita, hawaishi kwenye mizizi yake. Mkulima asiyetaka kutegemea urea hana budi kutanguliza maharage au kunde nyingine shambani. Ila kuvu za mizizi zinaikubali. Nyuzi za kuvu hizo ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi na hupenya mahali ambapo mzizi haufiki, zikirudi na fosforasi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Udongo ukijazwa fosfati kupita kiasi, mmea hauoni haja ya kumlisha mshirika wake, na kuvu hupungua. Ukilima kwa kupinduapindua udongo unazikata nyuzi zenyewe. Halafu unauziwa unga wa kuvu katika pakiti, kwa bei kubwa, urudishe ulichokiua. Katika shamba lenye samadi iliyoiva na mzunguko wa mazao, kuvu za pale pale mara nyingi zinatosha. Kuuchukulia udongo kila msimu bila kuurudishia ni kula mbegu, na anayefanya hivyo anawadhulumu wajukuu ambao hawapo kujitetea.

Kwa Rif ya leo kuna hatari nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Moroko ina sehemu kubwa kabisa ya hazina ya fosfati duniani, na fosfati za miamba ya mashapo huwa na kadimiamu, metali nzito yenye sumu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfati iliyomo kwenye mbolea, kuanzia Julai 2022. Bangi ni hodari wa kufyonza metali nzito, hata imechunguzwa kama mmea wa kusafishia udongo uliochafuka. Mmea wa tabia hiyo ukikusudiwa kuwa dawa, uchafu wa shambani unaweza kumfikia mgonjwa.

Wala samadi si safi kwa kuwa tu ni samadi. Ya kuku wa kisasa inaweza kuwa na shaba na zinki kutoka kwenye chakula chao, na ikiwa mbichi huleta vimelea kwenye maua ambayo hayaoshwi. Rundo la mboji lipande joto hadi nyuzi 55 kwa siku kadhaa, ligeuzwe ili sehemu zote zipate joto hilo, kisha lilale.

Vyama vya ushirika vya Rif visingoje kupima maua baada ya mavuno. Navisihi vipime udongo na mbolea kabla ya kupanda. Kadimiamu ikigundulika Januari, mkulima bado anaweza kubadili shamba au mbolea. Ikigundulika kwenye maua makavu, mwaka wake umepotea.

Makala ijayo itatupeleka Minjingu, Manyara, kwenye fosfati iliyotokana na mabaki ya ndege wa ziwa la kale.