Anayenunua Karavani Iliyotumika Anaogopa Maji

Nchini Marekani, hofu kubwa ya mtu anayenunua karavani iliyotumika ni maji. Karavani nyingi huundwa kaunti ya Elkhart, jimbo la Indiana, na aghalabu paa lake ni mbao nyembamba zilizofunikwa kwa utando wa mpira. Jua likiikausha gundi iliyoziba kingo na matundu ya hewa, inapasuka, maji yanapenya, na mbao zinaoza ndani kwa ndani huku ukuta ukionekana safi. Dalili huja baadaye: ukuta unafura, sakafu inabonyea ukikanyaga pembeni, kabati linanuka uvundo.

Kwa hiyo, ukiuza yako na kuitangaza kwenye tovuti kama Facebook Marketplace au RV Trader, picha ya karavani kando ya ziwa haitakusaidia sana. Panda ngazi upige picha paa, maungio yake kwa karibu, kona za makabati na sakafu chini ya sinki. Kama pamewahi kuvuja, sema ni wapi, eleza palivyorekebishwa, onyesha na risiti. Mnunuzi aliyeelezwa kasoro mapema atapatana nawe bei. Akiigundua mwenyewe baada ya safari ndefu, hata yale ya kweli uliyosema hatayaamini tena, na ana haki.

Tairi nazo zina siri yao. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni ndizo umri wake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Karavani hukaa imeegeshwa miezi mingi, hivyo tairi huzeeka kabla hazijawa vipara, na hupasuka barabarani zikiwa bado zinapendeza macho. Piga picha namba hiyo. Angalia pia kengele za gesi na za moshi, kwani zina ukomo wa matumizi. Zilizopitwa na wakati zibadilishe kwa fedha yako, maana kuna familia itakayolala humo.

Mnunuzi akija kutazama, friji la gesi liwashe tangu jana yake, kwa sababu huchukua saa nyingi kupoa.

Kama bado unadaiwa mkopo, zungumza na benki kabla ya kutangaza, kwani katika majimbo mengi hati ya umiliki hubaki mikononi mwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Baada ya mauzo, toa taarifa kwa idara ya magari. California inakupa siku 5. Usipofanya hivyo, faini za maegesho zitaendelea kukufuata wewe.

Wengi huumizwa kwenye malipo. Hundi ya benki ya kughushi inaweza kuonekana imepita, kwa kuwa sheria mara nyingi huitaka benki iruhusu fedha hizo zitolewe siku ya kazi inayofuata. Hundi ikirudi baada ya wiki kadhaa, benki inakata fedha zake kwenye akaunti yako, na karavani imeshaondoka. Hundi iliyozidi bei, ukiombwa urudishe chenji, ikatae papo hapo. Kutaneni ndani ya benki ya mnunuzi, hundi itolewe na karani mbele yako, kisha ndipo utie saini hati.